Adhabu, Adabu na Tiba ya Kijana Aliyekosa

Katika lugha yetu yamo maneno mawili ambayo sikio la haraka huyachanganya: adhabu na adabu. Yote mawili tumeyapokea kutoka Kiarabu, na huko yalikotoka hayana shina moja. La kwanza lahusu mateso, na la pili lahusu malezi na mwenendo mwema. Yalipofika kwetu yakaoana. Leo mtu akisema, "Mtoto yule nitamtia adabu," hakuna adhaniye kwamba atamkalisha kitako amfundishe namna ya kuwaamkia wakubwa. Wasikiao hutazama tu fimbo iko wapi. Hatuilaumu lugha, maana lugha hufuata matendo ya wenyewe. Lakini twauliza: ikiwa kutia adabu kumekuwa ndiko kutia maumivu, mtoto ambaye alijaa maumivu kabla hajakosa atatiwa nini?

Swali hili lawahusu watoto na vijana ambao, wakati huu tuandikapo, wako nyuma ya milango iliyofungwa kwa amri ya mahakama. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyochukua mahali pa sheria ya kikoloni ya mwaka 1937, yakataza mtoto aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Anayengoja kesi yake, kama hakupewa dhamana, yapasa awekwe katika mahabusu ya watoto, kama zile zilizoko Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya. Na apatikanaye na hatia aweza kupelekwa katika Shule ya Maadilisho ya Irambo, mkoani Mbeya. Twalipenda jina hilo la maadilisho. Aliyelichagua alilikwepa neno adhabu na neno gereza, akachukua neno lenye adili ndani yake. Jirani zetu wa Kenya walirithi neno jingine, borstal, ambalo ni jina la kijiji cha Kent, Uingereza, ambako Waingereza walianza mwaka 1902 mpango wao wa kuwatenga vijana na wafungwa wazima. Na hata leo vijana wa Kenya hupelekwa Shikusa, Kakamega, au Shimo la Tewa, Mombasa, chini ya jina la kijiji ambacho aghalabu hawatakiona maishani mwao.

Jina la maadilisho latudai. Mwaka 2011 taarifa ya ukaguzi ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilionyesha kwamba wako watoto waliokutwa magerezani pamoja na watu wazima, ijapokuwa sheria ilikuwa imekwisha kusema. Hata hivyo makala haya hayakusudii kuwaandama maofisa. Twataka kuchunguza jambo lililo nyuma ya sheria na nyuma ya majengo, yaani ni haki gani tuliyo nayo juu ya mtoto aliyekosa, na haki hiyo inatulazimisha nini.

Tuseme kwanza ni watoto gani hawa. Wako walioiba simu au kuku. Wako walionaswa na bangi. Wako waliokimbia nyumba ambamo mlevi alikuwa akiwapiga, wakalala stendi ya mabasi, wakajifunza huko kunusa gundi ili wasiisikie njaa. Wako pia, wala tusijifiche, waliojeruhi, waliobaka, na waliotoa roho ya mtu. Kwa macho ya mpita njia wote hao ni watoto watukutu, basi. Elimu ya utabibu yatuambia jambo ambalo mpita njia halioni. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba nusu ya maradhi ya akili yawapatayo wanadamu huanza mtu akiwa na umri wa miaka 14 au kabla yake, na mengi hayatambuliwi wala kutibiwa. Uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2020, uliokusanya habari za vijana zaidi ya 30,000 waliofungiwa katika nchi 19, nyingi zikiwa nchi tajiri, ulionyesha kwamba mvulana mmoja katika kila 10, na msichana mmoja karibu katika kila wanne, alikuwa na sonona nzito, yaani ile huzuni ya kudumu imnyimayo mtu usingizi, hamu ya chakula na hata hamu ya kuishi. Wengine walikuwa na kiwewe kilichotokana na mambo waliyotendewa au waliyoyaona. Vijana wetu hawakuumbwa kwa udongo mwingine.

Taabu ni kwamba ugonjwa huu, kwa kijana, hufanana mno na ukorofi. Mwenye kiwewe hushtuka kwa mlio wa funguo. Akiguswa begani kwa ghafla hurusha ngumi kabla hajajua ni nani aliyemgusa. Mwenye sonona haamki kengele ipigwapo. Akiulizwa hajibu, akipewa jembe huliegemea. Mwingine ana miaka 15 naye bado hukojoa kitandani, na kwa kuwa hulala bwenini pamoja na wenziwe, kila asubuhi yake huanza kwa kuchekwa, na aliyemcheka hupigwa kabla jua halijafika utosini. Katika daftari la mlezi hayo yote yataandikwa kwa maneno mafupi: mvivu, mkaidi, mgomvi. Wala mlezi hakusema uongo, ameandika alichokiona. Dawa ya ukaidi aijuayo ni adhabu, nayo adhabu huongeza hofu, na hofu huzidisha ukaidi, hata mwisho kijana akatoka na sifa mbaya kuliko ile aliyoingia nayo, na watu wakasema, "Huyu kweli ameshindikana."

Sasa tulitazame swali lenyewe. Haki ya kumwadhibu mtoto yatoka wapi? Mtu mzima twaweza kumwambia: sheria hii uliijua, tena ulikuwa na kura na sauti katika kuiweka. Mtoto hakupiga kura, wala hakuichagua nyumba aliyozaliwa. Tangu zamani aliyeweza kumrudi ni mzazi, au aliyepewa nafasi ya mzazi: mjomba, shangazi, babu, mwalimu. Wala mzazi hakupata haki hiyo kwa sababu ana nguvu kuliko mtoto. Jirani mwenye misuli kuliko wewe akimpiga mwanao utamfikisha kwa mjumbe, na mjumbe atakupa haki. Mzazi anayo kwa sababu ni yeye aliyekesha. Mtoto alipochemka homa usiku wa manane, ni yeye aliyelowesha kitambaa na kumweka kifuani mpaka jogoo akawika. Haki ya kukemea imezaliwa na wajibu wa kuuguza, na ukiuondoa wajibu huo kinachobaki mkononi ni ubabe mtupu. Basi dola, kwa kinywa cha hakimu, humtoa mtoto mikononi mwa mzazi na kusema kwamba tangu leo ndiyo imleayo. Fimbo ya mzazi imeichukua. Je, imeuchukua na mkesha wake?

Watetezi wa ukali hutukumbusha methali, nasi hatuzikatai. Husema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli. Lakini methali hiyo haikusema kwamba mwana akiisha kulia aachwe hapo alipo. Yawafikiria mama na mwana watakaokula chungu kimoja jioni ile ile. Husema tena, samaki mkunje angali mbichi. Nayo ni kweli kwa samaki mbichi. Vijana wengi tunaowazungumzia hawakutufikia wakiwa wabichi. Wamekwisha kukaushwa na moshi wa stendi na wa nyumba zisizo na amani. Kila mpishi ajua afanyiwalo samaki mkavu. Hukunjwi, maana atavunjika, hulowekwa kwanza.

Desturi zetu zililifahamu jambo hili kabla ya shule na mahakama. Katika jando, kama lilivyofanywa na makabila mengi ya pwani na ya kusini, wavulana walitengwa na mji wakakaa kumbini kwa majuma kadhaa. Maisha ya kumbini hayakuwa laini. Kulikuwa na ukali, na mengine ya huko hatungependa yarudi. Lakini wale waliokuwa wakali ndio waliokuwa wakiuguza vidonda. Waliwaonya vijana usiku na kuwatazama asubuhi kama jeraha limekauka, na kijana alijua kwamba sauti imkemeayo na mkono umtibuo ni vya mtu mmoja. Sisi tumevitenganisha. Ukali tumempa mlezi na askari. Kidonda tumesema ni kazi ya hospitali. Na kati ya wawili hao kuna barabara ndefu ambayo kijana hana ruhusa ya kuipita peke yake.

Mwanafunzi aliyesoma Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952, atawakumbuka manyani wawili ambao Adili alilazimika kuwachapa kila usiku. Walikuwa ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, nao hawakusingiziwa. Ubaya wao ulikuwa wa kweli, na ulimfikia yeye mwenyewe. Alikuwa akiwachapa huku akilia. Twawaomba walimu wakifundisha kitabu hiki wasiipite haraka sehemu hiyo, bali wawaulize vijana: zile fimbo za usiku kwa usiku ziliwarudishia ndugu wale sura ya kibinadamu? Hazikuwarudishia. Ilibidi Mfalme Rai aingilie kati, awaombee msamaha, ndipo wakawa watu tena.

Wako watakaotuuliza: mkisema kijana huyu ni mgonjwa, hamjamwondolea hatia? Na yule aliyeibiwa, aliyejeruhiwa, mama aliyezika mwanawe, mtamwambia nini? Katika maswali yote haya, hili ndilo zito, na wanaolikwepa kwa maneno matamu ya huruma huifanya huruma yenyewe ionekane ni upuuzi. Sheria haikuona aibu kupima akili ya mtoto. Kwa Kanuni za Adhabu za Tanzania Bara, aliye chini ya miaka 10 hana jinai kabisa, na aliye chini ya miaka 12 hana jinai mpaka ithibitike kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa tendo lile halimpasi. Kenya, kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, waliuweka umri wa kuanza kuwajibika kuwa miaka 12. Kwa hiyo kuuliza hali ya akili si mzaha uliozuka jana. Lakini tuseme kijana amevuka umri huo, na alijua alitendalo. Bado aweza kuwa na jukumu la tendo lake na wakati huo huo awe mgonjwa. Mwenye kifafa aliyeiba ni mwizi, na kifafa chake yafaa kitibiwe. Hakuna aonaye mgongano hapo. Kwa nini tuuone pale ambapo ugonjwa ni wa hofu na huzuni?

Twaenda mbele zaidi. Aliyekosewa anadai toba, naye ana haki ya kuidai. Toba ni kurudi kwa mawazo mpaka kwenye usiku ule wa tendo, kumtazama uliyemdhuru, na kusema ni mimi. Kijana ambaye kila akikumbuka usiku ule moyo humwenda mbio na macho kumwingia giza hawezi kufika huko. Hujifikiria yeye tu, kama afanyavyo kila mwenye maumivu makali. Mwenye jino linalouma hana nafasi ya kusikiliza msiba wa jirani. Mtu akimtuliza jino, ndipo atakaposikia. Sisi twaona kwamba mama yule aliyezika mwanawe, kama angepewa kuchagua, asingependa kumwona aliyemuua mwanawe akitolewa baada ya miaka mitatu akiwa bado hawezi hata kulitaja jina la marehemu.

Kiko kikwazo kingine, nacho kimo vinywani mwetu wenyewe. Mirembe iko Dodoma, Mathari iko Nairobi, Butabika iko Kampala, na Kidongo Chekundu iko Unguja. Zote ni hospitali za maradhi ya akili, na majina yake tumeyageuza matusi. Mwanafunzi akitaka kumdhihaki mwenziwe humwambia ametoroka Mirembe, wala hajui kwamba kwa ndugu zetu Waganda neno mirembe maana yake ni amani. Kwa dhihaka hizi tumemfundisha mtoto kwamba heri aitwe mwizi kuliko kuitwa mgonjwa wa akili. Katika kundi la vijana, mwizi aweza kuwa na heshima ya namna yake. Aitwaye kichaa hana. Basi hata daktari akifika na kuuliza, kijana atajibu kwamba halali kwa sababu ya kunguni.

Tiba yenyewe haina miujiza. Huanza kwa kumsikiliza kijana faraghani, katika siku zake za kwanza, naye amsikilizaye awe mtu aliyefunzwa kuuliza: unalala? waota nini? ni nani aliyekupiga? umewahi kutaka kujiua? Swali hili la mwisho watu huliogopa, wakidhani litamtia kijana wazo ambalo hakuwa nalo. Halimtii, humpa nafasi ya kulitua. Wachache watahitaji dawa za hospitali, nao wapewe bila kucheleweshwa. Walio wengi watahitaji mazungumzo ya kila juma na mtu yule yule, kwani mtoto aliyekwisha kuachwa na wengi humpima kila mgeni kwa kungoja aone kama na huyu ataondoka. Watahitaji usingizi wa salama, mpira, kusoma na kuandika, na kazi ya mikono yenye kitu cha kuonyesha jioni: kiti, shati, tuta la mchicha. Na walezi wao, watu wa mishahara midogo na zamu ndefu za usiku, watahitaji kufunzwa, na mara nyingine kupumzishwa, maana aliyechoka sana huona ukaidi kila mahali. Mataifa yaliyakubali hayo tangu mwaka 1985, katika kanuni ziitwazo za Beijing, zilizotaka kijana aliyefungiwa apatiwe msaada wa elimu, wa kazi, wa utabibu na wa nafsi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, ulikwenda njia hiyo hiyo.

Twaongeza jambo moja, ambalo pengine litaonekana ni la watunga mashairi tu. Ngonjera yahitaji sauti mbili zinazojibizana, na kila sauti yataka kushinda kwa hoja. Vijana wa mahali kama hapo wakipewa kutunga ngonjera ya mwizi na mwenye mali, na aliyeiba akapewa kusema beti za aliyeibiwa, atalazimika kutafuta maneno yake, tena yenye vina na mizani, na hawezi kuyatafuta bila kukaa kidogo katika nafasi ya mtu yule. Hatudai kwamba vina huponya sonona. Lakini ambaye hakupata kuulizwa lolote isipokuwa na polisi, huenda akalisema katika ubeti lile asiloweza kulisema kitini mbele ya daktari.

Husemwa pia kwamba nchi hii inao watoto wengi wema ambao hawajapata kumwona mtabibu wa akili, basi kwa nini aliyeiba awe wa kwanza? Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, nasi twatamani kila wilaya iwe na mtabibu wa namna hiyo. Tofauti ni hii: mtoto aliye kwao, hata katika umaskini, aweza kukimbilia kwa bibi yake, kwa shehe, kwa padri, kwa mwalimu, au akaenda mtoni akalia peke yake. Tuliyemfungia mlango hana pa kwenda. Hayo yote amenyimwa na aliyeshika ufunguo, na kwa hiyo aliyeshika ufunguo ndiye awezaye kudaiwa badala yake.

Tufikirie na umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 800. Mama auzaye vitumbua Manzese atafunga biashara mara ngapi kwa mwaka ili akamwone mwanawe? Ndiyo maana twaona bora zaidi, kwa makosa yasiyo makubwa, kijana abaki karibu na watu wake chini ya uangalizi wa ofisa wa ustawi wa jamii, na tiba imfuate huko huko; na wale wachache ambao lazima wafungiwe, wasipelekwe mbali kiasi cha kusahauliwa. Kumbi nalo lilikuwa mbali na mji, lakini kila mtu alijua siku ya kutoka. Siku hiyo ngoma ililia, vijana walivishwa nguo mpya, na mama zao walipiga vigelegele. Atokaye katika maadilisho hana ngoma imngojeayo. Akifika mtaani, jirani huingiza kuku ndani. Kila alichotibiwa kwa mwaka mzima hutiwa majaribuni katika juma hilo la kwanza, tena na watu ambao hawakuambiwa kwamba nao wamo katika tiba yake.

Kati ya watu hao wamo wasomaji wa makala haya. Yuko mwalimu mkuu ambaye katikati ya muhula ataletewa kijana mwenye barua ya ofisa wa ustawi wa jamii, mrefu kuliko wenziwe wa kidato kile, na ambaye darasa litakuwa limekwisha kusikia habari zake kabla hajafika mlangoni. Watamtazama mgeni kidogo tu. Kisha wote watageuka kumtazama mwalimu, waone atamkalisha wapi.